SOMO LA WANACHAMA: UGONJWA WA MOYO NI WA UKOO, AU NI WA MAISHA?



Katika masomo ya tawi letu la Nabuyoga liko swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Mfanyakazi anaanguka kazini, mkono umekufa ganzi na mdomo umepinda. Mwingine anabanwa na kifua usiku, na asubuhi hayupo. Matanga yakiisha, watu husema, "Huo ni ugonjwa wa ukoo wao." Wengine husema kinyume: "Ugonjwa wa moyo ni wa Wazungu na Wahindi, sisi watu wa jembe hautupati." Na tumekwisha kumsikia mwajiri, ambaye hatumtaji hapa, akiiambia familia ya marehemu kwamba kazi haihusiki, kwa kuwa baba wa marehemu naye alikufa vivyo hivyo.

Kauli hizi tatu zote zinatafuta jibu katika damu ya mtu. Hapana budi tuzichunguze, maana kauli ya tatu inaweza kumnyima mjane haki yake, na ya pili inaweza kumwua mtu mzima aliyejiona salama.

1. Urithi ni nini?

Kila mtu hupokea chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Jeni ni kama maagizo: huliambia ini namna ya kuondoa mafuta katika damu, na huziambia figo kiasi gani cha chumvi cha kutunza. Agizo likiwa na kasoro, kazi nayo huharibika.

Yako maradhi ya moyo yanayotokana hasa na jeni moja. Juu ya chembe za ini ipo milango inayonasa mafuta yaitwayo kolesteroli na kuyatoa katika damu. Mtu akirithi kasoro katika jeni ya milango hiyo, mafuta humjaa katika damu tangu utotoni, na mishipa ya moyo wake huweza kuziba angali kijana. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kufumbua jambo hili.

Kasoro hiyo si ya kawaida katika nchi nyingi, lakini kwa Makaburu wa Afrika Kusini inampata mtu 1 katika kila 100 hivi. Sababu si rangi ya ngozi. Makaburu walitokana na walowezi wachache waliofika Rasi kuanzia karne ya 17, wakaoana wao kwa wao, na kasoro ya wachache ikaenea kwa wengi. Hilo laweza kulipata kabila lolote, au hata ukoo mmoja.

Urithi pia huweza kukinga. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba katika Wamarekani weusi waliowachunguza, kama 2.6 kwa kila 100 walikuwa na jeni iitwayo PCSK9 iliyoharibika. Kazi ya jeni hiyo ni kupunguza ile milango ya ini. Kwa watu hawa ilishindwa kazi, milango ikabaki mingi, damu ikawa safi, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwao kwa asilimia 88. Kutokana na elimu hiyo zilitengenezwa dawa mpya zilizoruhusiwa mwaka 2015.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi tunaokijua kijidudu cha malale. Iko jeni iitwayo APOL1 ambayo kwa namna fulani husaidia mwili kupambana na malale. Lakini anayeirithi namna hiyo kwa baba na kwa mama pia, figo zake zimo hatarini, na figo zikiharibika presha hupanda. Urithi huu umejaa zaidi Afrika Magharibi na kwa vizazi vyao walioko Marekani. Kwetu Afrika Mashariki ni mchache. Basi hata neno "Mwafrika" halitoshi kumweleza mganga kilichomo katika damu ya mtu. Watu wa Afrika wanatofautiana kwa jeni kuliko watu wa bara jingine lolote.

2. Yaliyoonekana kwa majirani zetu

Sasa tutazame karibu. Daktari C. P. Donnison alifanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, ng'ambo ya mpaka wetu, nchini Kenya. Mwaka 1929 aliandika kwamba alipima presha ya watu 1,000, akaona haipandi kadiri mtu anavyozeeka kama ilivyokuwa Ulaya. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwa muda wa miaka miwili hivi, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Mwaka 1959, madaktari A. G. Shaper na K. W. Jones wa Kampala walilinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda. Kwa Waafrika waliokula ndizi, viazi, muhogo, wimbi na maharage, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kama haupo. Kwa Waasia ulikuwa tatizo kubwa, na mafuta katika damu yao yalikuwa mengi zaidi. Hapo ndipo ilipopata nguvu ile kauli kwamba maradhi haya ni ya Wahindi.

Lakini mwaka 2014 serikali ya Uganda ilipopima watu wazima nchi nzima, kama 26 katika kila 100 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Tangu 1929 hadi 2014 ni miaka 85, yaani vizazi vitatu au vinne. Jeni za watu hazibadiliki kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Mjukuu ana damu ile ile ya babu yake. Kilichobadilika ni maisha.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa Wajaluo wa Kenya, ambao lugha yao na Dhopadhola ya hapa kwetu ni za jamii moja. N. R. Poulter na wenzake waliwafuata watu waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohamia mjini ilikuwa juu kuliko ya wenzao tangu mwezi wa kwanza. Mkojo ulionyesha kuwa wanakula chumvi zaidi kwa kulinganisha na vyakula vya shambani, uzito uliongezeka na moyo ulipiga haraka zaidi. Ukoo ni ule ule, na mwezi mmoja ulitosha.

Ulimwenguni nako ni hivyo. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika Magharibi wana presha 16 katika kila 100 wakiwa kwao, 26 wakiwa visiwa vya Karibi, na 33 wakiwa Marekani. Na ulinganisho wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Wajerumani walikuwa na presha kuliko Wamarekani weusi.

3. Je, damu haina neno?

La, ina neno. Wahindi waliohamia Uingereza, wakiwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, wameendelea kupata ugonjwa wa moyo zaidi ya wenyeji wa huko, kwa kuwa sukari na mafuta ya tumboni huwadhuru upesi. Dawa nazo hazifanyi kazi sawa kwa wote. Mwaka 2019, majaribio katika nchi sita za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo, yalionyesha kuwa mchanganyiko wa dawa wenye amlodipini huteremsha presha ya Waafrika vizuri kuliko mchanganyiko mwingine usio nayo. Kwa hiyo usimeze vidonge vya jirani. Fuata alivyokuandikia daktari.

Tuseme hivi: urithi ni mbegu, na maisha ni shamba. Mbegu hukuichagua. Shamba hulimwa, na shamba la mfanyakazi hulimwa kwa kiasi kikubwa na mwajiri wake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mpakizi wa Malaba, dereva anayelala ndani ya lori foleni ya Busia, na mfanyakazi wa zamu ya usiku Tororo, wote wajihesabie saa zao.

4. Majibu ya zile kauli tatu

Anayesema "ni ugonjwa wa ukoo" mjibuni: Basi ndugu wa marehemu wapimwe mapema, wasingoje kuanguka.

Anayesema "hautupati" mjibuni: Haukuwapata babu zetu waliokuwa na maisha mengine. Sisi umekwisha kutupata.

Na mwajiri anayesema "baba yake naye alikufa hivyo" mjibuni: Aliye na mbegu mbaya ndiye wa kupunguziwa saa na kupewa mapumziko. Urithi wa mtu si ruhusa ya kumchosha hadi afe.

5. La kufanya

Kila mwanachama aliyetimiza miaka 30 apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikirudia siku nyingine, amwone daktari. Presha haina dalili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu na ile ya supu na ya vyakula vya dukani. Sigara iachwe.

Kila tawi lidai kwa mwajiri kipimo cha presha kazini, saa za kazi zinazofuata mapatano, na ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu amekutwa na presha. Bila ahadi hiyo watu wataogopa kupimwa, na kipimo kitakuwa pambo la ofisi.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kwa nini ugonjwa wa kolesteroli umewazidi Makaburu?
(b) Wajaluo waliohamia Nairobi wanatufundisha nini kuhusu damu na maisha?
(c) Katika kazi yako, ni mambo gani yanayoweza kupandisha presha, na lipi kati ya hayo tunaweza kulidai mwaka huu?