Herufi za Msasa na Silabi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza sehemu moja tu ya mbinu ya Montessori, nayo ni ufundishaji wa kuandika, na kuuliza iwapo inaafikiana na muundo wa silabi ya Kiswahili. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyezaliwa mwaka 1870, alifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Huko mtoto alipewa herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya kibao. Alizipapasa kwa vidole kwa kufuata mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti ya herufi, si jina lake. Kisha alipanga maneno kwa herufi zinazohamishika, kabla mkono haujaimudu kalamu. Kwa hiyo kuandika kulitangulia kusoma.

2.0 Sauti au Silabi?

Mbinu hiyo ilikulia katika lugha ambayo tahajia yake hukaribiana sana na matamshi. Kiswahili kina bahati hiyo hiyo. Hata hivyo, mapokeo ya madarasa yetu ni ya silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mapokeo haya yana hoja nzito ya kiisimu, kwani silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, na konsonanti kama b haitamkiki vizuri peke yake. Mwalimu anayedhani anaitamka sauti hiyo mara nyingi hutamka "ba" hafifu bila kujua.

Kasoro ya mapokeo hayo hujitokeza kwenye nazali. Tuchukue neno mbuni. Likimaanisha ndege, lina silabi mbili: mbu-ni. Likimaanisha mti wa kahawa, au mtu anayebuni, lina tatu: m-bu-ni. Mtoto aliyekariri ma, me, mi, mo, mu hana pa kuiweka m isiyo na irabu. Si ajabu akaandika "mutu" badala ya mtu. Aliyezoea kibao cha m huitumia kotekote bila taabu.

Lakini herufi moja moja nayo haitoshi. Mtoto akipewa s na h mbalimbali hataipata sauti ya kwanza ya shoka. Yafaa sh, ch, ny na ng' (pamoja na ritifaa yake) kila moja ipewe kibao chake. Ng ya ngoma, kwa maoni yangu, ibaki n na g, sawa na mb na nd. Jambo hili si dogo, maana seti iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza huja na q na x tusizozihitaji, na c ambayo kwetu haitembei bila h, ilhali ng' haimo. Mwalimu hana sababu ya kuisubiri seti hiyo. Plaiwudi, msasa laini na gundi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, naye anaweza kuzikata herufi mwenyewe, kwa mwandiko ule ule ambao watoto watautumia katika daftari.