Stima Imepanda Pikipiki

Mjomba wangu huendesha bodaboda hapa Timbwani. Majuzi alinijia: "Mpwa wangu, we ndo msomi wetu. Nikope nichukue pikipiki ya stima, ama nibaki na petroli?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na nilopata ni haya.

Rwanda, nchi ndogo, ishaamua. Tangu Januari 2025, jijini Kigali pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi ila iwe ya umeme. Za petroli zilizokuwako zaendelea na kazi. Dereva halazimiki kungoja saa nzima nzima akichaji. Aingia kituoni, atoa betri iliyokwisha, apewa iliyojaa, aenda zake kwa dakika chache. Hakuna petroli, hakuna kubadilisha oili.

Na neno lenyewe? Kamusini "stima" ni meli ya mvuke. Sisi Kenya twaita umeme. Wala hatukukosea sana: sehemu kubwa ya umeme wetu yatokana na mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria karibu na Naivasha.

Nikamrudia mjomba na maswali matatu. Kituo cha kubadilisha betri ki wapi kwa hapa Likoni? Betri itakuwa yako au ya kukodi? Ikijaa, yafika kilomita ngapi ukiwa na abiria?

Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mkopo ungoje, nikaulize kwanza."

Kuuliza si ujinga, wenzangu.