Uwiano na Turufu: Ujenzi wa Jozi ya Mashindano katika Karata za Kale za Magic: The Gathering

Utangulizi

Katika michezo ya karata iliyozoeleka Afrika Mashariki, wachezaji wote hugawiwa kutoka jozi moja ya karata 52. Jozi hiyo haina mwenyewe. Bahati ikishagawa, ubingwa wa mchezaji hudhihirika katika namna anavyotumia kile kilichomfikia mkononi. Mwaka 1993 ulizuka nchini Marekani mchezo uliovunja kaida hii. Katika Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kuchapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast, kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoiunda nyumbani kwa kuteua karata miongoni mwa mamia. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya mchezo huwa imekwisha kuchezwa kabla ya karata kuchangwa.

Makala hii inanuia kuchunguza jinsi jozi ya mashindano inavyojengwa na kunolewa. Uchunguzi umejifunga katika karata zilizotolewa miaka ya 1993 na 1994, ambazo tangu mwaka 2007 zilianza kufufuliwa na kundi la wapenzi wa mchezo huu mjini Gothenburg, Uswidi, katika mtindo uitwao Old School. Karata hizi zinafaa kwa uchunguzi kwa sababu ghala lake limefungwa. Haziongezeki. Mjenzi hawezi kungoja toleo jipya limwokoe. Analo lile lile walilo nalo wenzake, na tofauti yao ni hesabu na uteuzi. Swali linaloongoza mjadala ni la tangu jadi kwa wachezaji: je, mshindi ni mwenye turufu nyingi au ni mwenye uwiano bora?

Istilahi na kanuni

Neno jozi linatumika hapa kwa maana yake ya pakiti nzima ya karata, wala si ile ya vitu viwili. Kila mchezaji huanza na alama 20 za uhai na karata saba mkononi, na katika kila zamu huongeza karata moja. Karata za ardhi humpa nguvu iitwayo mana. Anaruhusiwa kuteremsha ardhi moja tu kwa zamu, na kila ardhi kwa kawaida hutoa mana moja. Mana ndiyo hulipia viumbe wanaoshambulia pamoja na karata za uchawi. Anayemwishia mwenzake uhai ndiye mshindi.

Hapo mwanzoni jozi ingeweza kuwa na karata 40 tu, na hapakuwa na kikomo cha nakala za karata moja. Matokeo yake yalikuwa fujo. Mapema mwaka 1994 kanuni za mashindano ziliweka kima cha chini cha karata 60, nakala zisizozidi nne za karata yoyote isipokuwa ardhi za kawaida, na orodha ya karata kali zinazoruhusiwa nakala moja pekee. Aidha, mchezaji huweka kando karata 15 za akiba, ambazo anaweza kuzibadilisha na zile za jozini baada ya mchezo wa kwanza wa pambano.

Hesabu za mkono wa kwanza

Mjenzi chipukizi huvutiwa na wingi. Anazo karata nzuri 80, naye haoni sababu ya kuziacha 20. Hesabu ya uwezekano inamkanya. Karata yenye nakala nne katika jozi ya 60 huonekana katika mkono wa kwanza mara 40 kwa kila michezo 100. Katika jozi ya 80, mara 31 tu. Karata zote 20 alizoongeza zinaweza kuwa nzuri, lakini si nzuri kama zile bora alizozizamisha. Ndiyo maana jozi za mashindano karibu zote huwa na karata 60 kamili, na kazi ya mjenzi kwa hakika ni kukataa.

Idadi ya ardhi nayo ina hesabu yake. Jozi ya 60 yenye ardhi 20 itampa mchezaji mkono wa ardhi moja au usio na ardhi kabisa takriban mara moja katika kila michezo minne. Ardhi zikiwa 24, balaa hilo hupungua hadi mara moja katika michezo saba. Lakini kila ardhi inayoongezwa huondoa karata ya kupigana, na mwenye ardhi tele bila cha kulipia hushindwa vile vile, ila polepole zaidi.

Idadi ya nakala, kuanzia nne hadi moja, ni lugha ambayo mjenzi mzoefu huisoma mara moja anapoiona jozi ya mwenzake. Nne humaanisha kuwa karata inatakiwa kila mchezo, tena mapema. Mbili humaanisha kuwa inatakiwa, ila haina haraka.

Ngazi ya gharama: mfano wa Sligh

Mwaka 1996, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Atlanta, mchezaji aitwaye Paul Sligh alitokea na jozi nyekundu iliyowachekesha wengi. Ilijaa viumbe waliodharauliwa. Mmoja wao, Ironclaw Orcs, alikuwa na nguvu mbili na uhai wa alama mbili, na juu ya hayo alikuwa mwoga: hakuweza kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu mbili au zaidi. Hata hivyo jozi hiyo ilifika mbali, na mtindo wake umebaki na jina la Sligh hadi leo, ijapokuwa aliyeusanifu ni Jay Schneider. (Si mara ya kwanza mwimbaji kusifiwa kwa utungo wa mwenziwe.)

Siri ya Schneider ilikuwa ngazi ya gharama. Mchezaji anayeteremsha ardhi kila zamu hupata mana moja katika zamu ya kwanza, mbili katika ya pili, tatu na kisha nne. Jumla yake ni kumi kufikia zamu ya nne. Aliyejaza jozi yake karata za gharama ya nne hukaa bure zamu tatu, na kati ya mana hizo kumi hutumia nne tu. Sligh alikuwa na kitu cha gharama ya moja, kitu cha mbili, kitu cha tatu, kwa viwango vilivyopimwa ili pasipite zamu iliyopotea bure. Karata yake moja moja ilikuwa dhaifu kuliko ya mpinzani, lakini mpinzani alipoinua kichwa alikuta amekwisha kupoteza nusu ya uhai. Kisha zilifuata Lightning Bolt, karata ya mana moja inayopunguza uhai kwa alama tatu.

Ni haki kuongeza kuwa mashindano ya Atlanta hayakuruhusu karata kali zaidi za mwaka 1993. Ushindi dhidi ya turufu ulikuwa haujajaribiwa kikamilifu.

Anayehamishia fikra hii katika karata za Old School hukutana na toleo la Arabian Nights, lililotoka Desemba 1993 na kujengwa juu ya hadithi za Alfu Lela Ulela. Msomaji wa Kiswahili atamkuta humo Sindbad na taa ya Aladdin. Karata inayohusu hoja hii ni Kird Ape, ambaye jina lake linakaribiana na neno la Kiarabu la kima, qird. Ni kiumbe chekundu cha mana moja, mwenye nguvu moja na uhai wa alama moja. Ila mwenyewe akiwa na ardhi ya msitu, kima huyo hupanda hadi nguvu mbili na uhai wa alama tatu. Kwa gharama ya mana moja, hapakuwa na wengi wa kumfikia.

Je, iwekwe misitu mingapi? Hapa ndipo ufundi ulipo. Ipo ardhi iitwayo Taiga, ambayo ni mlima na msitu kwa pamoja, lakini ni nne tu zinazoruhusiwa. Kwa Taiga nne pekee, mkono wa kwanza utakuwa na msitu mara 40 katika 100, na nyakati nyingine kima atabaki kinda. Misitu mitano ya kawaida ikiongezwa ili yawe tisa, kiwango hupanda hadi 70. Lakini msitu wa kawaida hautoi mana nyekundu, na mwenye misitu miwili na Lightning Bolt tatu mkononi atapigwa akiwa amezishika. Hakuna jibu lisilo na hasara. Wajenzi wengine huona ni heri kumwacha kima kabisa, wabaki na milima mitupu, wala huo si woga.

Jozi isiyo na haraka

Kinyume cha Sligh ni jozi ya Brian Weissman wa California, ambayo katikati ya miaka ya 1990 ilijulikana kwa jina la The Deck, yaani Jozi yenyewe, kana kwamba nyingine hazikuwapo. Ndani yake mlikuwa na viumbe wawili tu wa kushambulia: nakala mbili za Serra Angel, malaika wa mana tano mwenye nguvu nne. Malaika huyo huhitaji mapigo matano ili kumaliza uhai wa alama 20. Karata nyingine takriban zote zilikuwa za kuzuia, kubatilisha, kuharibu na kuvuta karata zaidi.

Weissman alikuwa ameng'amua kuwa karata zenyewe ni mali ya kuhesabiwa. Karata yake moja ikiangamiza mbili za mpinzani, au moja ikimletea tatu, mwishowe mpinzani atabaki mikono mitupu. Hapo ushindi huwa umepatikana, ijapokuwa uhai wa mpinzani bado ni alama 20. Kazi ya malaika ni kutia sahihi tu. Ndiyo sababu ya nakala mbili badala ya nne: malaika katika mkono wa kwanza ni mzigo.

Suala la turufu

Karata tisa za mwaka 1993, zikiongozwa na Black Lotus, hutajwa kuwa kali kuliko zote. Black Lotus haigharimu chochote na hutoa mana tatu papo hapo. Mwaka 1996 kampuni iliahidi kutozichapisha tena baadhi ya karata, nayo ikiwamo. Mwaka 2021 nakala moja iliyohifadhiwa vyema iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000. Mchezaji wa kipato cha kawaida hufarijiwa kwa hesabu: kwa kuwa inaruhusiwa nakala moja, karata hiyo haimo katika mkono wa kwanza mara 88 katika kila michezo 100.

Faraja hiyo ni nusu ya ukweli. Mwenye zote tisa huwa na angalau moja kati ya hizo katika mkono wa kwanza mara 70 katika 100. Kudai kuwa utajiri hauna athari katika mtindo huu ni kujidanganya, na ndiyo maana baadhi ya makundi, tofauti na waasisi wa Uswidi, huruhusu nakala za matoleo ya baadaye. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni kwamba turufu tisa bila ngazi ya gharama wala mpango wa ushindi humpa mwenyewe mwanzo wa kasi tu, na kasi isiyo na mwelekeo imewaponza wengi mbele ya kima na Lightning Bolt. The Deck ilitisha kwa sababu ilikuwa na vyote viwili.

Kunoa jozi

Jozi ikishajengwa hujaribiwa, na majaribio hudanganya. Jozi isiyo bora wala duni kuliko ya mpinzani, yenye nafasi sawa kwa sawa, itashinda michezo saba au zaidi kati ya kumi takriban mara 17 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Kwa hivyo anayebadilisha karata tano baada ya jioni moja ya ushindi au kushindwa hajajifunza lolote. Mnoaji makini hubadilisha karata moja au mbili, hucheza michezo mingi, na huandika, si nani alishinda, bali karata gani ilimkwama mkononi na katika zamu ya ngapi.

Karata 15 za akiba ndizo hudhihirisha ukomavu wa mjenzi. Chukua jozi nyekundu ya vima. Adui wake mkubwa ni Circle of Protection: Red, karata nyeupe inayomwezesha mpinzani kulipa mana moja kila anapotaka kuzuia dhara la chanzo chekundu. Rangi nyekundu haina njia ya kuiondoa. Jibu mojawapo ni Nevinyrral's Disk, isiyo na rangi, inayoangamiza viumbe, vifaa na mazingaombwe yote yaliyo mezani. (Jina lake ni la mwandishi wa hadithi za kisayansi, Larry Niven, lililoandikwa kinyumenyume.) Lakini kifaa hicho kinagharimu mana nne, huingia mezani kikiwa kimelala hadi zamu ifuatayo, na hakichagui: kikilipuka, vima nao huangamia.

Kwa hiyo anayeingiza nakala tatu za Nevinyrral's Disk katika mchezo wa pili hana budi kuwatoa vima, si Lightning Bolt. Jozi iliyoingia mchezo wa kwanza kwa pupa huingia wa pili kwa subira: huteremsha ardhi, huzihifadhi Lightning Bolt mkononi, hungoja kifaa kilipuke na kinga ya mpinzani iondoke, kisha huzifyatua mfululizo. Hilo nalo hudai ardhi nyingi zaidi ya zile ishirini zilizotosha mwanzoni, na ardhi hizo za ziada lazima ziwe zimetengewa nafasi miongoni mwa zile 15 tangu nyumbani.