Bastola za Mtumba: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mkusanyaji

Nchini Marekani mtu anaweza kuingia ukumbi mmoja akakuta Colt za karne ya 19, Luger za Vita Kuu ya Kwanza na ribolva zilizowahi kubebwa na polisi, zote zimepangwa mezani na kubandikwa bei. Maonyesho ya Tulsa, Oklahoma, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, huwa na meza zaidi ya elfu nne. Kwa mpenda historia ya ufundi wa chuma, macho hayashibi.

Lakini bastola haistaafu. Iliyotengenezwa 1911 inaua leo vilevile kama ilivyoua siku ilipotoka kiwandani. Na karibu kila hasara katika ukusanyaji huu, iwe ya fedha, ya kesi au ya uhai, chanzo chake ni mtu aliyeona uvivu kukagua. Ndiyo maana orodha hii haibembelezi. Msomaji unayeishi Marekani na kutaka kuanza, ifuate yote au uiache kazi hii.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Hakikisha sheria inakuruhusu kumiliki silaha. Hili linawahusu hasa wahamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida amekatazwa hata kushika bastola iliyo mali ya mwingine, isipokuwa kwa vighairi vichache. Usitegemee maneno ya rafiki katika jambo hili. Muulize wakili wa uhamiaji, kwa sababu kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini.

2. Soma sheria za jimbo lako kabla ya kutazama bei. Illinois inadai kadi ya mwenye silaha. New Jersey inadai kibali kwa kila bastola. New York huwezi kuweka bastola hata nyumbani bila leseni. Kinachouzwa mchana kweupe Texas kinaweza kukupeleka mahabusu ukivuka mpaka nacho.

3. Usimnunulie bastola mtu mwingine kwa jina lako. Fomu namba 4473, unayoijaza kwa muuzaji mwenye leseni, inakuuliza wazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Binamu akikupa pesa umnunulie kwa kuwa yeye "ana tatizo dogo la karatasi", mkatalie, hata kama atanuna. Tangu 2022, kumnunulia silaha mtu aliyekatazwa na sheria ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15.

4. Usinunue bastola kwa mtu binafsi wa jimbo jingine mkono kwa mkono. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 inataka bastola hiyo ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo unaloishi. Atakutoza ada yake. Ilipe.

5. Chukua leseni ya mkusanyaji ukishaamua kuwa unaitaka kweli kazi hii. Kwa dola 30 unapata miaka 3 ya kununua silaha za kale zilizotambuliwa, nyingi zikiwa ni zile zilizozidi miaka 50 na kubaki katika hali yake ya asili, hata kutoka jimbo jingine. Nawe unawajibika kutunza daftari la kila silaha iliyoingia na iliyotoka. Usiifanye leseni hiyo kuwa ya biashara. Anayenunua kwa nia ya kuuza apate faida anahitaji leseni ya muuzaji.

6. Chagua uwanja mmoja na uusome. Ribolva za Smith & Wesson za polisi, au bastola za kijeshi za Ulaya, au Colt za kabla ya 1945. Anayekusanya kila kinachong'aa huishia na sanduku la vyuma asivyovijua.

MEZANI KWA MUUZAJI

7. Omba ruhusa kabla ya kugusa, na ukishika, hakikisha mwenyewe kuwa ni tupu. Muuzaji akisema haina kitu, ifungue vilevile. Jeff Cooper, mwalimu wa ulengaji aliyefariki 2006, aliiweka kanuni hii ya kwanza kati ya nne zake: kila silaha ina risasi, wakati wote. Mtutu usielekee mtu yeyote, na kidole kikae nje ya kifyatulio.

8. Fuata utaratibu sahihi kwa bastola yenye magazini. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, halafu ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huitoa risasi moja, na slaidi ikirudi huingiza nyingine. Anabaki ameshika bastola iliyojaa huku akiamini ameimwaga.

9. Usifunge silinda ya ribolva kwa kuirusha kwa kiganja. Wanafanya hivyo kwenye sinema. Mkono wa chuma unaobeba silinda hupinda, na silinda haikai tena sambamba na mtutu. Ifunge taratibu kwa mikono miwili. Muuzaji akiona unairusha, ana haki ya kukunyang'anya.

10. Usifyatue tupu bila idhini. Bastola nyingi za kale za kaliba .22 huumia, kwa kuwa pini hugonga ukingo wa chemba.

11. Kagua ribolva kwa mpangilio uleule kila mara. Ukishapata idhini, vuta nyundo polepole hadi ishike, uone kama silinda imejifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, maana tundu moja likichelewa, risasi itaingia mtutuni ikikwaruza upande. Tikisa silinda mbele na nyuma: ikicheza sana, imelika. Mulika nafasi kati ya silinda na mtutu, kisha mulika ndani ya mtutu wenyewe. Duara jeusi lililozunguka ukuta wa ndani ni dalili kuwa mtutu uliwahi kuvimba, pengine risasi moja ilikwama na nyingine ikafuata. Iweke chini, uende meza nyingine.

Kwa Smith & Wesson Model 19 ya .357 Magnum, tazama mdomo wa nyuma wa mtutu, upande wa chini, pale palipochongwa bapa ili silinda ipate nafasi. Chuma hapo ni chembamba, na risasi nyepesi zenye nguvu zimepasua mitutu mingi mahali hapo. Ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo beba tochi na lenzi.

12. Hakikisha kaliba ya sasa ndiyo kaliba ya kuzaliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Smith & Wesson walipeleka Uingereza ribolva nyingi za Victory zinazotumia risasi ya .38/200. Baada ya vita, wafanyabiashara walizichimba silinda zake ndefu zaidi ili zipokee .38 Special, ambayo ganda lake ni jembamba kidogo na refu. Ganda hilo halijai chemba, hivyo huvimba au kupasuka linapolipuka. Webley nyingi za .455 nazo zilichongwa mgongo wa silinda ili zipige .45 ACP, risasi yenye shinikizo kubwa kuliko chuma kile kilivyopimwa kustahimili. Na usitie risasi ya Tokarev kwenye Mauser C96 ya zamani eti kwa sababu inaingia. Kuingia si kufaa.

13. Jua usalama wa enzi ile. Mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa na ribolva ya Victory iliyoanguka juu ya sitaha ya chuma. Ndipo kiwanda kikaongeza kizuizi kipya cha nyundo, na namba za bastola zikaanza kwa SV badala ya V. Ribolva za Ruger za kuvuta nyundo zilizotengenezwa kabla ya 1973 zinaweza kulipuka zikidondoka wakati tundu lililo chini ya nyundo lina risasi. Kiwanda huzirekebisha bure na kukurudishia vipuri vya asili. Zirekebishwe, na vipuri hivyo uvihifadhi, kwani mkusanyaji ajaye atavitaka.

14. Usinunue bastola iliyofutwa namba, kwa bei yoyote ile. Kabla ya 1968 baadhi ya silaha za bei nafuu zilitoka kiwandani bila namba, na hizo ni halali. Lakini namba iliyokwanguliwa ni jinai kwa anayeimiliki, na mara nyingi ni alama ya wizi au damu.

BEI NA HISTORIA

15. Lipia chuma na karatasi, usilipie hadithi. Mwaka 2021, katika mnada wa Bonhams huko Los Angeles, Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Kilichopandisha bei ni ushahidi wa umiliki uliohifadhiwa. Muuzaji anayesema "babu aliitoa kwa ofisa wa Kijerumani" bila hata cheti anakuuzia maneno. Omba barua ya kumbukumbu ya kiwanda. Colt hutoa, na za Smith & Wesson hutolewa na taasisi yao ya historia.

16. Linganisha namba. Kwenye Luger ya kijeshi, tarakimu mbili za mwisho hupigwa kwenye vipuri vidogo, na namba ya magazini nayo ina uzito wake. Vipuri visipolingana, bei ishuke sana.

17. Tambua chuma kilichopakwa upya. Herufi zilizofifia kingo, matundu ya skrubu yaliyolika na pembe zilizopoteza ukali hutangaza kuwa mtu alipiga msasa kabla ya kurudisha rangi. Bastola iliyochakaa kwa haki ina thamani kuliko iliyorembwa.

18. Usiharakishwe. CMP, shirika lililopewa ruhusa ya kuuza bastola za modeli ya 1911 zilizobaki jeshini, lilipoanza kupokea maombi mwaka 2018 liliwapanga wanunuzi kwa namba za bahati nasibu, wakasubiri zamu. Muuzaji anayesema "wapo watatu wanaitaka" mwachie hao watatu.

NYUMBANI

19. Funga. Bastola kwenye kasha la chuma, risasi mahali pengine, ufunguo kwako. Kabati la juu si kasha, na mtoto hupanda. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu kujiua. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akiwa katika msongo au huzuni nzito, zitoe silaha zote nyumbani siku hiyohiyo kwa njia halali ya jimbo lako, bila kuona haya.

20. Usihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi. Kemikali za kutengenezea ngozi na unyevu wake hula chuma usiku na mchana. Ala iwe kwake, bastola kwake, na mafuta mepesi juu ya chuma.

21. Usisugue kwa brashi ya waya wala kung'arisha. Dakika kumi za ari mbaya zinafuta miaka mia. Ukipiga risasi za zamani za jeshi, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe, upake mafuta siku ileile, kwa sababu nyingi huacha chumvi inayoleta kutu.

22. Usibebe bastola kwenda nyumbani Afrika Mashariki, wala usiitume kwenye shehena ya gari. Kuitoa Marekani bila kibali ni kosa, na kuiingiza Kenya au Tanzania bila kibali ni kosa jingine. Hakuna ofisa wa forodha atakayekubali kuwa ni pambo.

23. Andika orodha. Namba, picha, bei na karatasi za kila silaha, nakala moja nje ya nyumba. Mwambie mwenzi wako au mwanao mkubwa ilipo, na umwandikie nani wa kumwita ukifa. Mjane asiyejua chochote akiachiwa bastola kumi, umemwachia hatari na matapeli.

Aliyeona orodha hii ni ndefu akusanye stempu. Anayebaki aanze na namba ya kwanza, leo, kabla ya kuulizia bei ya bastola yoyote.