SOMO LETU: GUNIA NI LILELE, VINYWA VIMEONGEZEKA

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini leo nataka tuulize swali moja dogo: hicho kibaba kikishajaa, kinaliwa na watu wangapi?

Hapa Kiuu mchana ni githeri, usiku ni ugali. Lakini toka nje ya lango utazame: ni ploti, maghorofa na magari ya Githurai. Shamba la mahindi liko wapi? Sisi ni walaji tu. Mvua ikikosa kunyesha Kitale, sufuria ya Kiuu ndiyo hulia.

Kabla ya mahindi

Asili ya mahindi ni Mexico. Yalifika pwani yetu wakati wa Wareno, na huku bara yakaenea sana katika karne ya 20. Sasa babu zetu walikuwa wakila nini? Nilimwuliza nyanya yangu. Alicheka, akaniambia, "Sikiliza majina ya mvua, mjukuu wangu." Kwa Kikuyu, msimu wa masika huitwa wa njahi, na msimu wa vuli huitwa wa mwere, yaani mawele. Hakuna mvua ya mahindi! Njahi bado tunaziona sokoni, lakini mawele wengi wetu hata sura yake hatuijui.

Mbegu mpya

Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya kwanza nchini, H611, baada ya kuchanganya mbegu ya Kitale na nyingine kutoka Ecuador. Wakulima wadogo kwa wakubwa wakayapokea. Huko Machakos nako, kituo cha Katumani kikatoa aina ya kukomaa mapema, ili mkulima wa sehemu kavu avune kabla mvua haijakatika.

Tupige hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya ilivuna karibu tani milioni 1, yaani kama magunia milioni 11 ya kilo 90. Mwaka 2018, ambao ulikuwa wa neema, tulivuna magunia milioni 44.6. Mara nne! Tupige makofi, si ndiyo?

Ngoja kwanza. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Sasa gawanya. Zamani kila mtu angepata gunia moja na kidogo. Mwaka 2018 gunia moja halikufika. Na mwaka 2022, ukame ulipotubana, mavuno yalikuwa magunia milioni 34.3: hata robo tatu ya gunia kwa mtu haikutimia. Mkulima hakulala, jamani. Ni vinywa vilivyomshinda mbio.

Nini kimetukwaza?

Kwanza, ardhi. Mavuno yaliongezeka kwa mbegu bora na kwa kulima mahali papya. Papya pamekwisha. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Hapa kwetu mashamba ya kahawa yamekatwa ploti. Mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,000 hivi mwaka 2009, na mwaka 2019 wakapita 490,000.

Pili, udongo umechoka. Mbolea ya aina moja mwaka baada ya mwaka imeongeza asidi katika mashamba mengi ya Bonde la Ufa.

Tatu, maadui. Mwaka 2011 ugonjwa wa kuua mahindi ulionekana Bomet. Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi, asili yao bara la Amerika kama mahindi yenyewe.

Nne, mvua. Ukame wa 1984 uliwalisha wazazi wetu mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Ule wa 2017 uliifanya serikali kuagiza mahindi na kuweka bei ya pakiti ya unga ya kilo 2 kuwa shilingi 90.

Funzo

Sisemi tuache ugali, nani ataacha? Ila taifa zima likiegemea zao moja, zao hilo likiteleza sote tunaanguka. Mtama, mawele, mihogo na viazi vitamu huvumilia jua kuliko mahindi. Nyanya yangu alikuwa na misimu miwili na vyakula viwili. Kimoja kikikosa, kingine kilimwokoa.

Zoezi

1. Mwulize mzee mmoja nyumbani: alipokuwa mtoto walikula nini kabla ya ugali kuwa wa kila siku?
2. Andika majina matano ya nafaka kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama.
3. Gawanya tena magunia ya 2018, lakini kwa watu milioni 60. Unapata kilo ngapi kwa kila mtu?

Atakayepata jibu la swali la tatu asilifiche. Siku hiyo ikifika, ni sisi tutakaokuwa na watoto wa kulisha.