SOMO LA TAWI: MWENZAKO AKINYOLEWA, WEWE TIA MAJI



Mara nyingi tukipishana njiani na kijana aliyevaa shati safi na kushika faili mkononi, twasema, "Huyo mtu wa serikali, yeye ameshapata." Sisi wa mashineni na wa shambani twamhesabu kuwa amevuka mto. Somo la leo lataka tuyatazame mambo yalivyo. Tutaona kwamba hila anayofanyiwa kijana huyo ndiyo hila tunayofanyiwa sisi, na dawa yake ni moja.

1. Hila yenyewe

Mwajiri akitaka kupunguza mishahara, haanzi na wafanyakazi wa zamani. Hao wana chama, wana mkataba, na sheria wanaijua. Yeye huanzia mlangoni. Anayeingia leo hupewa jina jingine. Kiwandani huitwa kibarua. Shambani huitwa mtu wa msimu. Serikalini huitwa mwanagenzi, yaani mtu ambaye bado anajifunza kazi. Kazi ni ile ile na saa ni zile zile, lakini jina jipya limekuja na mshahara mpya. Wa zamani hawakuguswa, kwa hiyo wananyamaza. Miaka inapita, wa zamani wanastaafu mmoja mmoja, na mshahara ule mdogo unakuwa mshahara wa wote.

2. Madaktari vijana wa Kenya

Tuchukue mfano wa Kenya. Kijana husoma udaktari chuoni miaka sita. Kisha ni lazima atumike mwaka mmoja hospitalini akiwa mwanagenzi. Asipotimiza mwaka huo hapati leseni, na bila leseni hawezi kufanya kazi ya udaktari wala kufungua zahanati yake. Anayewapanga wanagenzi katika hospitali ni Wizara ya Afya. Kwa hiyo kijana huyu hana pa kukimbilia. Serikali ikikawia kumpanga, anakaa nyumbani na shahada yake, wazazi wanamtazama, na madeni ya masomo yanamngoja.

Mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100, chama cha madaktari kilipata mkataba wa pamoja. Mkataba huo haukupatikana kwa urahisi. Mwezi wa Februari mwaka huo viongozi saba wa chama walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, wakatolewa na Mahakama ya Rufani baada ya siku chache. Katika mkataba huo mwanagenzi alipangiwa shilingi zaidi ya 206,000 kwa mwezi.

Ilipofika mwaka 2024 serikali ilisema hazina haina fedha, na kwamba wanagenzi wapya watalipwa shilingi 70,000. Hiyo ni kama theluthi moja tu ya kiasi kilichotiwa sahihi.

Hapa ndipo penye somo. Madaktari wenye ajira hawakusema, "Hayo ni ya watoto, sisi yetu yapo." Waligoma kuanzia tarehe 14 Machi hadi tarehe 8 Mei 2024, siku 56. Walikuwa na madai mengine pia, lakini la wanagenzi hawakuliacha. Waliporudi kazini, neno hilo lilikuwa bado halijamalizika, likaendelea kuvutana kwa miezi. Mwezi wa Desemba 2024, chama kilipotoa tena ilani ya mgomo, serikali ilikubali kuwalipa wanagenzi kwa mkataba wa 2017.

Tusifiche upande wa pili. Siku hizo 56 ziliwaumiza wagonjwa, na wagonjwa wa hospitali za serikali ni watu kama sisi. Mchuma chai hana fedha za hospitali ya kulipia. Ndiyo maana chama kinachogoma katika kazi ya namna hiyo kina wajibu wa kuwaeleza wananchi sababu zake mapema, tena kwa lugha wanayoielewa.

3. Walimu vijana

Hila hiyo ilitumiwa kwa walimu pia. Mwaka 2023 maelfu ya walimu wenye shahada au stashahada waliwekwa katika shule za sekondari msingi kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Walifundisha vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Aprili 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba kumwajiri mwalimu aliyekwisha kusajiliwa kwa jina la mwanagenzi ni kuvunja haki yake. Mwezi wa Mei waligoma, na wengi wakaandikiwa barua za kujieleza. Kuanzia Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu.

Lakini angalieni: mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2025 waliajiriwa wanagenzi wengine 20,000. Mtego ulifunguliwa kwa waliomo, ukategwa upya kwa wanaokuja.

4. Njia tatu za kijana

Kijana aliyekwama hivyo ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuvumilia kimya, akitumaini kwamba mkubwa wa ofisi atamkumbuka. Wengi hufuata njia hii, huku wakiuza nguo au kuendesha bodaboda jioni ili wapate kodi ya nyumba.

Ya pili ni kuondoka. Madaktari na wauguzi wa nchi zetu wako Uingereza na nchi za Ghuba. Tusiwatukane, maana njaa haina uzalendo. Lakini anayeondoka hujiokoa mwenyewe, na kitanda cha mgonjwa alichokiacha hakina mtu wa kukihudumia.

Ya tatu ni kuingia chamani siku ya kwanza ya kazi, hata kama anaitwa mwanagenzi. Njia hii ni ndefu na ina hatari zake, lakini hiyo ndiyo inayobadili mambo kwa wanaofuata.

5. Fundisho kwetu

Katika tawi letu wako vibarua wanaofanya kazi ya mtu wa kudumu kwa miaka. Wengine wetu twawaita "wapita njia", wala hatuwaalike mkutanoni. Kumbe mshahara wao ndio mwajiri anaouweka mezani siku ya mapatano, akisema, "Mbona hawa wanakubali?" Kibarua asiyelindwa ni shoka juu ya shina la mkataba wetu.

Maswali ya kuzungumza tawini

(a) Katika idara yako, wangapi wanafanya kazi ya kudumu kwa jina la kibarua? Tangu lini?

(b) Mkataba wetu unasema nini juu ya mfanyakazi mpya? Katibu ausome kwa sauti, kifungu kwa kifungu.

(c) Je, mwenye ajira ya kudumu yu tayari kupoteza ujira wa siku moja kwa ajili ya kibarua? Kila mmoja ajibu mwenyewe, asijibiwe na mwenyekiti.