Kichaa cha Mbwa: Kazi ya Kaya na ya Mtaa Mzima

Wilayani Kilosa mbwa ni mlinzi wa nyumba kwa mkulima na wa zizi kwa mfugaji. Upande wa Mikumi, ambako makazi yamepakana na hifadhi, mbwa hao huweza kukutana hata na fisi na mbweha. Kwa hiyo kichaa cha mbwa hakimhusu mwenye mbwa peke yake. Virusi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na huingia kwa jeraha au mchubuko. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipake tumbaku wala pilipili. Asisubiri kuona iwapo mbwa atakufa. Piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, maana safari ya kurudi mikono mitupu hula nauli na muda. Baada ya dozi ya siku ya kwanza hufuata za siku ya 3 na ya 7, na nyingine kadiri mtaalamu atakavyoelekeza. Wapo wanaoishia dozi ya kwanza kwa sababu jeraha limepona; kupona kwa ngozi si kinga.

Mbwa wako mmoja aliyechanjwa hawezi kuukinga mtaa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, wakiwamo watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3, ambao wengi huwaacha nyumbani. Kisiwani Pemba, kampeni zilizoanza mwaka 2010 ziliukomesha ugonjwa kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kuchanja upya. Kilosa haina bahari ya kuizunguka, na mbwa huhama pamoja na mifugo. Ndiyo maana tarehe ya chanjo yapasa kutangazwa katika mkutano wa kijiji, hata kwa wasiofuga.

Unapolipia chanjo ya mbwa, hakikisha imetolewa katika kasha la barafu, nawe udai cheti chenye tarehe. Chanjo inayotembezwa juani mfukoni usiilipie.

Ng'ombe anayetokwa udenda na kushindwa kumeza mara nyingi hudhaniwa amekwamwa na kitu kooni. Usimtie mkono mdomoni, wala usimchinje. Mwite Afisa Mifugo wa kata.

Mbwa aliyeng'ata, ikiwezekana bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na mwenyekiti wa kitongoji aarifiwe. Matibabu ya aliyeng'atwa yasingoje siku hizo. Mtoto naye asichapwe kwa kumchokoza mbwa, kwani akiogopa fimbo ataficha jeraha.